Harufu ya Kilio

Dada yangu alinitumia chupa ya marashi ya mchaichai kutoka Bukavu. Nilijipulizia shingoni, nikaenda kazini Himbi. Kufika saa nne sikuweza kutulia kitini. Nilifungua dirisha, nikalifunga. Nikampigia Mama simu mara tatu kumuuliza kama wote nyumbani ni wazima. Mwenzangu wa ofisini aliponiuliza nina nini, nilimjibu vibaya, maana hata mimi sikujua.

Saa sita nilishindwa, nikapanda pikipiki hadi nyumbani. Mama alikuwa anaanika nguo. Nilipomkumbatia, alinisukuma akanitazama.

"Nani amekufa?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu, mchaichai ulioota kando ya ukuta wa mawe ya volkano haukuchemshwa ovyo. Mama aliukata siku za kilio tu, akajaza sufuria kubwa, tukawapa chai waliokuja kulia nasi.

"Hakuna aliyekufa, Mama. Ni marashi tu."

Simu tatu, kurudi mchana, na harufu ile: angeniaminije? Aliangusha nguo, akatafuta kiti, akashika magoti yake.

"Sema tu, mutoto wangu. Nimekaa."