Mtaro Mmoja, Maji Mawili

Baba yangu mdogo amefanya kazi kiwanda cha ngozi miaka kumi na tisa, yote kwenye mapipa. Ni mapipa ya mbao, makubwa kama vyumba, yanayozungusha ngozi mbichi ndani ya tindikali na kromu, dawa ya kuzuia ngozi zisioze, mpaka zigeuke rangi ya samawati. Mikono yake ina vidonda vidogo vya duara, kana kwamba vimetobolewa kwa msumari. Haviumi sana, anasema, ila haviponi. Glavu alizopewa mwaka juzi zimechanika, na hata zilipokuwa nzima ngozi iliyolowa iliteleza mkononi, kwa hiyo wote huzivua. Mwenye kiwanda anauita huo uzembe wa wafanyakazi. Aje ashike yeye siku moja.

Baba mdogo ana shemeji, mdogo wa mkewe, ambaye kiwandani wanamwita Kalamu kwa kuwa hakosi kalamu mfuko wa shati. Baba mdogo ndiye aliyemwombea kazi, ndiye aliyemfundisha kukata ukingo wa ngozi aone kama dawa imepenya hadi katikati. Miaka mitatu haijatimia, Kalamu akafanywa msimamizi wa ua mzima. Baba mdogo alimpa hongera, akarudi nyumbani, akala, kisha akamwambia mkewe kuwa mdogo wake siku hizi anatembea kama mtu anayekanyaga mayai.

"Una kijicho wewe," mkewe akasema.

"Kijicho cha nini? Nasema anavyotembea."

Alikuwa nacho, na kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Cheo hakikumuuma sana. Kilichomuuma ni kuona vidonda vya Kalamu vikikauka, wiki baada ya wiki, na kikohozi chake kikiisha, huku yeye akiamka na chake. Alijikuta akihesabu mara ambazo Kalamu aliingia kwenye kivuli.

Kiwanda kile kina mtaro mmoja tu wa maji machafu, unaoishia mtoni, na huko chini bata wameacha kuogelea. Kwa kuwa mtaro ni mmoja, baba mdogo alijiwekea utaratibu wake ambao haukuandikwa popote. Maji ya mashimo ya chokaa, yenye dawa ya kunyonyolea manyoya, hutoka asubuhi. Ya tindikali hutoka alasiri, mtaro ukishasuuzwa. Yakikutana yanatoa hewa inayonuka mayai viza, na hewa hiyo inaua. Ukiona umeacha kuisikia harufu, ujue imeshakushika.

Kalamu hakulijua hilo, maana mtaro ulikuwa kazi ya baba mdogo siku zote. Siku moja, mnunuzi akitarajiwa, aliamuru mashimo na mapipa yafunguliwe pamoja ili ua usafishwe mapema. Akasimama ukingoni mwa mtaro kusimamia.

Baba mdogo alishika koki ya pipa. Maji ya chokaa yalikuwa yameshaanza kupita. Neno moja lingetosha. Akawaza, mwenye kalamu si ndiye anayejua? Alitaka tu shemeji yake aaibike mbele ya mgeni, arudishwe kwenye mapipa alowe kama wenzake. Akafungua.

Harufu ikapanda. Kalamu akaziba pua, akatania kwamba kuna mtu amekula maharage. Muda kidogo akashusha mkono.

"Mbona imeisha, shemeji?"

Baba mdogo akafunga koki, akamkamata kola, akamburuta hadi nje ya lango. Kalamu alianguka magoti, akatapika.

Wiki iliyofuata ubaoni palibandikwa tangazo: chokaa asubuhi, tindikali alasiri. Chini yake, sahihi ya Kalamu. Mwenye kiwanda alimsifu kwa utaratibu mzuri. Mtaro wa pili haukuchimbwa. Baba mdogo hupita pale kila siku na damu inamchemka, kwa kuwa ule ni utaratibu wake, neno kwa neno, na hawezi kusema ni wake bila kusema aliujua tangu lini.

Kalamu alikuja nyumbani kwa baba mdogo kumshukuru kwa kumwokoa. Alipoondoka, mke wa baba mdogo akauliza, "Kwani wewe hukujua maji yale hayachanganywi?"

"Ningejuaje? Msimamizi ni yeye."

Mkewe akakusanya vikombe, akaenda kulala chumba cha watoto.