Saa Yenye Jogoo wa Waya

Nimeshaoa sasa, alhamdulillahi, ndiyo maana nina ujasiri wa kuusimulia upumbavu huu.

Ninasuka waya pale Msamvu: saa za ukutani, stuli, rafu za vyombo. Wazee walikuwa wameshapeleka posa yangu Mlali kwa kina Mwajuma, lakini mama yake nilikuwa sijamwona hata kwa picha. Nikamtengenezea saa yenye jogoo, mkia wake waya wa shaba, nikaitundika kibandani ikisubiri siku ya kwenda kujitambulisha.

Jirani yangu, fundi viatu, ni Mnyamwezi, mtani wetu sisi Waluguru. Akanionya: "Kesho shangazi yangu anakuja kutoka Tabora. Atabeba chochote anachokitaka, na hutamfanya kitu."

Kesho yake akaingia mama mmoja, akaangaza huku na huku, akamshusha jogoo. "Huyu ndiye wangu," akasema.

Hata shikamoo sikutoa. Nikaudaka mkoba wake. "Rudisha, mwizi mkubwa wee! Huko kwenu saa ya nini, na mnaamshwa na punda?"

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikamgeukia jirani anisaidie kucheka, nikamkuta ameinamia kiatu. "Huyo si shangazi," akaninong'oneza.

Yule mama akajitanda kanga yake vizuri, jogoo kamkumbatia.

"Mwajuma aliniambia mchumba wake amenitengenezea jogoo," akasema taratibu. "Habari za punda hakuniambia."