Kambi ya Mtoto wa Kutorokwa

Wikendi iliyopita walikuja vijana wa kukodisha mahema, wakaweka hema la harusi kwa jirani yangu hapa Umoja. Walipolikunjua tu, harufu ikanifikia jikoni. Vumbi la zamani, jasho, panya kidogo, na ule ubichi wa turubai lililokunjwa kabla halijakauka. Watu wengine wakiisikia harufu hiyo humeza mate ya pilau. Mimi nilifunga dirisha. Kwangu hiyo ni harufu ya kudanganywa, na nitawaeleza kwa nini, ila msiniharakishe, maana mambo haya bado yananipandisha hasira.

Nililelewa Kaloleni, katika zile nyumba za mawe za zamani zenye bati jekundu. Tulikuwa watatu: Mama, mimi Nekesa, na mdogo wangu Wafula. Mama alishona nguo katika kiwanda kimoja, mpaka kikafungwa akabaki nyumbani akishonea majirani zipu na mifuko. Upande wa pili wa ukuta aliishi rafiki yangu Mwende na mama yake. Ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba hata mtu wa kwetu akipiga chafya, kwao walimwambia pole.

Sasa, ili mnielewe, lazima niseme habari ya kuwatoroka watoto. Mtaani kwetu mama hakumuaga mtoto mdogo. Kumuaga mtoto kulikuwa ni kutafuta kilio na kuchelewa kazini. Mtoto alitorokwa. Aliambiwa, "Ebu enda uone kama paka amezaa," naye akirudi na habari kwamba hata paka mwenyewe hayupo, mama keshafika barabarani. Wafula wetu alitorokwa karibu kila siku, na fundi wa kumtoroka nilikuwa mimi. Nilimbeba mgongoni hadi nyuma ya nyumba tukasikilize treni, hata kama hakuna treni, na Mama akapita mlango wa mbele amebeba viatu mkononi. Nilijiona mtu mzima kweli. Wa kutorokwa alikuwa Wafula. Mimi nilikuwa upande wa watorokaji, na niliamini ukishavuka upande huo hurudi nyuma tena.

Nilikuwa darasa la tano Ticha Mueni, mwalimu wetu wa shule ya Jumapili, alipotangaza kambi. Kambi yenyewe haikuwa Ngong wala Limuru. Ilikuwa kaskazini, kupita Isiolo, kwenye mlima ulioko katikati ya nchi kame, mahali ambapo tungelala kwenye mahema na kusoma Biblia penye jangwa kama lile la Wana wa Israeli. Nilikuwa na hakika Mama atakataa. Huyu ni mama aliyenikataza kuvuka barabara kwenda kununua mandazi. Nilimwambia tu ili kujiliwaza, nikaanza kuondoka kabla hajajibu.

"Enda," Mama akasema. "Nitaongea na Ticha."

Wueh! Niliruka hadi nikagonga meza. Wiki hiyo ilikuwa kama Krismasi iliyopotea njia. Mama alipika chapati siku ya Alhamisi, bila mgeni, bila sherehe. Alinipeleka kwa msusi, akamwambia anisuke zile ndogondogo za kukaa muda mrefu. Alinikata kucha. Alifua sare zangu za shule zote akazipiga pasi, ingawa ilikuwa likizo ya Agosti na shule zilikuwa zimefungwa. Mama Mwende akaniazima blanketi lake la kuwekea wageni, na mwenye duka akaniongezea biskuti juu ya mkate. Nilidhani wote wananionea fahari kwa sababu naenda kupanda mlima.

Asubuhi ya safari Mama alinisindikiza hadi kanisani. Alinifunga kitambaa kichwani, akakifungua, akakifunga tena. Nilimwambia ananiumiza masikio. Basi la kukodi likapiga honi, nikakimbilia kiti cha dirishani nisije nikanyang'anywa, na nilipogeuka kumpungia mkono alikuwa ameinama anaokota kitu chini. Sikuona ni nini. Tukaondoka tukiimba, Mwende kando yangu.

Mlima ule sitausahau, hata kwa hasira yangu yote. Baada ya Isiolo nchi iliishiwa na rangi ya kijani, ikabaki vumbi, miiba na ngamia waliotutazama kwa dharau. Halafu mlima ukasimama mbele yetu, jiwe tupu, mwekundu ubavuni. Tulipiga kambi juu, kwenye tambarare ndogo chini ya migunga. Mchana jua lilitukausha hadi midomo ikapasuka, tukawa tunapigania mafuta ya kujipaka. Jua likitua tu, baridi ilitoka kwenye mawe yale yale yaliyokuwa yakituunguza, tukavaa nguo zote tulizobeba na kulala tumeshikana. Maji yalipandishwa kwa punda, na kila mtu alipewa kikombe kimoja cha kuoga. Ticha Mueni alituambia tuanze na uso, tushuke. Wavulana waliishia kwenye uso.

Mwenyeji wetu alikuwa Msamburu mmoja mtu mzima, mpole, aliyetuonyesha njia na kutufukuzia nge. Jumapili asubuhi, baada ya uji, alituonyesha mti mfupi wenye magome yanayobanduka, akakwangua utomvu uliokauka, akanipa donge. Nikilisugua vidoleni lilinukia vizuri sana. Alisema huo ni ubani, akinamama wa kwao huuchoma nyumbani. Nikalifunga kwenye ncha ya leso yangu. Mama yangu alipenda vitu vyenye harufu nzuri na hakuwahi kuwa navyo, ila sabuni. Nikamwambia Mwende, tukiwa tumekaa kwenye jiwe, kwamba hilo donge ni la Mama, na sitamnusisha mtu.

"Utampea akirudi," Mwende akasema.

Alisema hivyo tu, anavyosema mtu akifikiria mambo mengine, miguu yake ikining'inia. Nikamuuliza akirudi kutoka wapi.  Mwende akaanza kukwaruza jiwe kwa ukucha. Nikamuuliza tena, na mara hii nikamshika mkono. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba yeye hakuambiwa, alisikia kwa ukuta, na mama yake alimwapisha kwamba akifungua mdomo atamchapa hadi aone nyota mchana. Mama yangu alikuwa anaenda Uarabuni kufanya kazi za nyumba. Begi lake lilikuwa chini ya kitanda cha Mama Mwende tangu Jumatatu. Ndege ilikuwa ni leo.

Nilicheka. Haki, nilicheka kwanza. Nilimwambia Mwende wivu utamuua. Kisha nikakumbuka kitanda cha Mama Mwende, na jinsi wiki ile nzima hakutaka tucheze chumbani humo. Nikakumbuka sare zilizopigwa pasi. Nikashika kichwa changu na zile nywele ndogondogo, na nikaelewa kwa nini zilitakiwa zikae muda mrefu. Mwaka ule mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa ametukaririsha methali ya kikulacho ki nguoni mwako, nasi tukawa tunaibandika katika kila insha, hata insha ya mpira wa miguu. Pale juu ya jiwe ndipo nilipoijua maana yake.

Nilimkuta Ticha Mueni akisugua sufuria kwa mchanga. Nikamuuliza kama ni kweli Mama anasafiri. Akaacha kusugua.

"Nani amekuambia?"

Anayeuliza nani amekuambia ameshajibu. Kumbe hata yeye! Mwalimu wangu, aliyetufundisha kwamba ulimi wa uongo ni chukizo, akatufanya tuimbe na wimbo wake.  Watu wote niliowajua duniani walikuwa wameketi mahali fulani bila mimi, wakakubaliana namna ya kunitoroka, na hawakuona aibu kunijaza chapati na biskuti. Wafula alipelekwa nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa nimebebwa hadi jangwani.

Nikasema nataka kumpigia. Ticha akasema, "Tuombe kwanza, Nekesa." Nikamwambia tutaomba tukishapiga. Sikuwahi kumjibu mtu mzima hivyo, na nadhani ndiyo sababu alisimama na kujipangusa mikono. Pale kambini simu hazikushika mtandao, lakini mwenyeji wetu alisema kuna jiwe moja juu zaidi ambapo simu huongea. Tukapanda watatu, mimi mbele. Miiba ilinichana miguu na sikuisikia. Nilichotaka kilikuwa kidogo. Sikutaka kumzuia, au nilijiambia sitaki. Nilitaka aniambie kwa mdomo wake, "Nekesa, naenda," nami nimwambie, "Haya Mama, enda salama." Basi. Mtu akisafiri si huagwa? Hata basi la kwenda Bungoma huagwa na kijiji kizima.

Juu ya jiwe upepo ulikuwa mkali hadi Ticha akanishika shati. Akapiga mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu ikaita, akanipa simu haraka kama kitu kinachochoma.

"Mama?"

"Nekesa! Mama yangu! Mbona unapiga, wewe ni mgonjwa?"

"Hapana. Uko wapi?"

 Nikasikia sauti yake ikitabasamu, ile sauti aliyomdanganyia Wafula.

"Niko tu hapa nyumbani. Nafua."

Na nyuma yake, wazi kabisa, kengele ikalia ting-tong, na mwanamke mwenye Kiingereza cha puani akawaita abiria waende mlangoni. Halafu akarudia kwa lugha nyingine nisiyoijua. Kaloleni hatukuwa na mwanamke kama huyo.

"Unafua nguo za nani?" nikamuuliza.

"Zenu," Mama akasema. "Umekula?"

"Nimekula."

"Kula vizuri. Usilale bila sweta. Umenisikia? Nekesa?"

Nikasema ndiyo, nimesikia. Nilikuwa nimepanda pale nikiwa na kwaheri yangu tayari mdomoni, na sikuweza kuitoa. Jamani, niambieni nyinyi, mtu anayekwambia anafua utamuagaje? Ungeanzia wapi? Nilimngojea. Nilikaza simu sikioni, nikawa namwambia moyoni, sema, sema sasa, bado kuna nafasi. Akasema, "Haya, acha nianike." Simu ikakatika. Tulipojaribu tena, haikupatikana.

Ticha Mueni alilia. Mwende alilia tulipotelemka. Mimi sikulia, na watu wakanisifu kwa hilo, wakasema Nekesa ni jasiri, wakanichagulia nyama laini ya mbuzi. Sikuwa jasiri. Nilikuwa na hasira, na hasira ilikuwa imekaa pale machozi yanapopitia. Lile donge la ubani nilimrudishia mwenyeji wetu. Alilitazama, akanitazama, akalipokea bila kuuliza. Nyumbani nilimkuta nyanya yetu, Kukhu, amewasili kutoka Bungoma na mkungu wa ndizi, na Wafula amelala mgongoni mwake. "Mama yako ametoka kidogo," Kukhu akaniambia. Hata yeye, maskini, alikuwa amepewa maneno yake.

Mama alikaa huko miaka mingi. Alitusomesha, siwezi kukataa, na mkate ninaokula leo umepitia mikono yake. Aliporudi alikuwa amenenepa uso na kuumwa mgongo, na wageni walipokuja kumwona alipenda kuwasimulia habari ya siku aliyoondoka. "Huyu wangu mkubwa hakunisumbua," alikuwa akisema. "Alikuwa kambini anafurahia maisha, hakulia hata." Wageni walicheka. Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Nilikuwa nikiinuka kwenda kuongeza chai.

Mwaka jana nilishindwa kuinuka. Wageni walipotoka tulibaki jikoni tukimenya viazi, nikamwambia kwamba nilijua. Nikamwambia habari ya ile kengele na yule mwanamke wa abiria. Mama hakukana. Alimenya kiazi kile hadi kikabaki kidogo sana, kisha akasema kwamba Wafula alikuwa mdogo, hangejua, na Kukhu mwenyewe ndiye aliyemhimiza aende. Wote walitaka aende. Hata yeye kichwani alitaka.

"Lakini wewe ungelia, Nekesa. Ungenishika tu hapa kwa nguo, useme Mama usiende. Na mimi ningerudisha begi ndani."

Miaka yote hiyo nilidhani nilidanganywa kwa sababu nilikuwa mtoto, na neno la mtoto si neno. Kumbe ilikuwa kinyume. Katika Kaloleni yote nilikuwa mtu mmoja tu aliyeweza kumzuia, na Mama alilijua hilo, ndiyo maana hakutosheka kunituma kwa paka wala kwa treni. Alinipeleka kupita Isiolo, juu ya mlima, mahali pasipo mtandao.

"Basi ungeniacha nijaribu, Mama," nikamwambia.

Akachukua kiazi kingine. Tukamenya hadi sufuria ikajaa.