Kobe wa Maji kwenye Mchanga wa Sakafu

Mama alikuwa akiomba sakafu ya saruji tangu mimi nikiwa mgongoni. Miaka hiyo ya tisini nyumba yetu ya Kakese ilikuwa ya udongo chini, na mimi, binti mkubwa, ndiye niliyeisiliba kwa mavi ya ng'ombe kila Jumamosi. Kwa hiyo baba aliporundika mchanga wa mtoni uani, akaleta na mifuko ya saruji, niliringa mtaa mzima.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Asubuhi yake tukamkuta kobe wa maji ametoka kwenye majaruba ya mpunga, yuko juu ya mchanga wetu, anachimba kwa miguu ya nyuma. Alinuka vibaya sana. Akataga, akafukia, akaondoka bila hata kuaga.

"Tuyahamishe mayai," baba akasema.

"Ukiyageuzageuza yanakufa," mama akajibu. "Ameshajifungulia hapo. Nani anamfukuza mzazi?"

"Na sakafu yako, mama watoto? Mto unajaa. Mchanga mwingine ni mpaka kiangazi."

"Nimengoja miaka yote hii. Nitangoja na huu."

Nilinuna. Anayengoja ni yeye, anayesiliba ni mimi!

Mama alifunika mahali pale kwa tenga, akaweka jiwe juu yake, kuku wasifukue. Habari zikaenea, watoto wa kijiji wakaanza kuja kutazama, na mama yangu, mpole kuliko wote ninaowajua, akageuka askari. "Nyie, kaeni huko! Hapakanyagwi hapa. Tazameni kwa macho, fimbo tupeni barabarani." Baba naye kila akipita alinyata, akapiga hodi kwenye rundo la mchanga. Tulicheka hadi mbavu zikauma.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Unyevu uliingia stoo, saruji ikaganda ndani ya mifuko. Baba alipoigonga kwa nyundo na kusikia inalia kama mwamba, mama aligeuka akaingia jikoni, akakaa humo muda mrefu. Hapo kununa kukanitoka.

Mvua zilipokaribia kukatika, mchanga ukatikisika chini ya tenga, mama akaliondoa. Vikatoka vitoto vya kobe, havikuzidi sana kifuniko cha soda. Nikanyoosha mkono nivibebe hadi majarubani.

"Viache vitembee vyenyewe," mama akasema.

Tukasimama pembeni, baba akifukuza kunguru kwa kofia yake, mpaka cha mwisho kikazama majini.

Kisha baba akachana karatasi za mfuko mmoja, akaliburuta bonge la saruji hadi mlangoni, bado lina mikunjo ya mfuko wake. "Haya, mama watoto. Sakafu yako inaanzia hapa." Mama akavua ndala, akapanda juu yake peku, akacheka hadi machozi. Nilimpenda sana siku ile.

Jumamosi iliyofuata nilipoinama kusiliba, alikuja akapiga magoti kando yangu, akachovya mikono yote miwili kwenye ndoo.