Madoa ya Jua Siku za Mvua

Mwalimu wetu wa sayansi pale Shinyanga alirudi kutoka masomoni Uganda na tai mbili, darubini moja, na dharau ya kutosha shule nzima. Sisi Wasukuma tukisema "dalubini," alicheka hadi akashika meza. Nami nilimdharau mapema, na sijapata sababu ya kuacha.

Alituchagua wavulana wanne tuchunguze madoa ya jua. Kila adhuhuri tuliuelekeza mwanga wa jua upite kwenye darubini, uangukie karatasi nyeupe, nasi tukachora kila doa pale lilipotokea. Michoro ingepelekwa Ulaya kwa wataalamu. Niliipenda kazi ile. Nilipomsimulia baba likizoni Kishapu, aliuliza, "Sasa ng'ombe atachunga nani, wewe ukichunga jua?"

Mwalimu alikaa barazani kivulini, akitukaripia kama nyapara. Hakuchora hata doa moja, mpaka mvua zilipokuja. Wiki nzima anga lilifunga. Ndipo tukamkuta ofisini, penseli mkononi, anachora madoa.

Mwenzetu mmoja, mtoto wa mchimba dhahabu wa Nyarugusu, akamwambia, "Mwalimu, jua hatukuliona."

"Jua lipo," alijibu. "Ninyi ndio hamkuliona."

Kesho yake mwenzetu alipewa fyekeo, akafyeke nyasi za uwanjani.

Muhula ulipokaribia kwisha, akaja Mzungu mmoja, mtaalamu wa nyota. Mwalimu alivaa ile tai nzuri, akamtandazia karatasi mezani huku akisema, "Michoro yangu." Mgeni aliitazama kwa furaha, akafuatisha tarehe bila kukuta siku iliyorukwa, kisha akatugeukia.

"Hapa kwenu hakuna mawingu?"

"Yapo, bwana," akajibu mtoto wa Nyarugusu. "Hii ya hapa ilichorwa wiki ya mvua. Madoa haya hakuna aliyeyaona."

Mwalimu akacheka kicheko kikavu. "Msamehe. Kiingereza chake kibovu, hakuelewa swali."

"Nimeuliza kwa Kiswahili," mgeni akasema.

Alikusanya karatasi zote, akamrudishia. "Siwezi tena kujua ipi ni ya kweli. Sitachukua hata moja."

Hivyo na zetu za kweli zikatupwa pamoja na uongo wake. Tuliungua utosi bure miezi yote ile. Jioni mtu yule alitupanga mstari akatuita wasio na shukrani.

Serikali ikampandisha cheo, akawa mkaguzi wa shule. Watu wa namna ile huelea, kama povu. Miaka kadhaa baadaye alifika Geita, kwenye shule niliyokuwa nikifundisha, akasimama mbele ya wanafunzi wangu na kuwahubiria kwamba mwanasayansi huandika alichokiona tu. Waliandika kila neno, maskini.

Nje ya darasa alisimama mbele yangu, kidevu juu, akisubiri shikamoo yake.

"Habari za safari," nikamwambia, nikarudi darasani.