Maliza Kwanza Kichwa cha Mteja

Mimi Waithera, Mama Karanja, mdomo wangu haujui kufungwa. Mwaka wa kumi na tisa huu nasuka nywele Kenyatta Market, na kuna wateja wanaokuja kusikia maneno yangu kuliko kusukwa. Nilikuwa najivunia hilo. Siku hizi likitajwa natazama chini.

Hapa kwetu kichwa kimoja hushikwa na wasusi wanne kwa pamoja, ili mteja asikae siku nzima. Huyu anavuta huku, yule anavuta kule, na maneno yanapita juu. Kwa miaka mitatu aliyesimama kulia kwangu alikuwa Joyline, dada mpole kutoka Vihiga, mwenye kusuka mistari iliyonyooka. Mimi nikipiga domo, yeye anatabasamu na kuendelea kusuka.

Alhamisi moja tulikuwa na mteja wa Parklands, ana haraka ya harusi. Joyline akaniuliza polepole, "Mama Karanja, umewahi kuamka ukaona heri ungekufa?"

Ngai! Na mimi nikaangua kicheko. "Weh! Ukitaka kufa, maliza kwanza kichwa cha mteja!"

Wote wakacheka, hata mteja. Joyline pia alicheka. Kwa kuwa ulimi hauna mfupa, nikaongeza kwamba watu wa kujiua ni wavivu wa kuomba. Kisha nikaona mstari wake mmoja umelegea, nikamwambia aufumue aanze upya. Akaufumua. Akamaliza sehemu yake, akafagia, akatuaga mmoja mmoja kwa jina. Hakuwa na mazoea hayo, lakini sikujiuliza.

Jumamosi Caren, msusi mwenzetu anayekaa ploti moja ya kupanga na Joyline huko Dagoretti Corner, alikuja akilia. Joyline alikuwa hospitalini. Alijaribu kujiua, majirani wakamwahi.

Nilisimama na kitana mkononi, mteja ananiuliza kuna nini. Mtu ameniambia anataka kufa, mimi nikampa kazi.

Kesho yake nilienda kumwona. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, ya Biblia na ya kwangu, yote yakaniishia mlangoni. Nywele zake zilikuwa zimesokotana, hazijaguswa kwa wiki nyingi, yeye anayesuka wenzake. Hizo nywele pia nilikuwa nimezitania. Nikakaa nyuma yake, nikaanza kuzichambua kwa vidole.

"Nisamehe, Joyline," nikasema. "Bado unafikiria kufa?"

"Asubuhi, ndiyo. Saa hii kidogo tu."

Sikumwambia aombe. Nikamuuliza asubuhi huwaje, naye akanieleza taratibu, anaacha, anaanza tena. Mimi nikafunga mdomo wangu.

Kabla sijaondoka nikamuuliza kwa nini alinichagua mimi, tena mbele ya watu.

"Wewe huogopi neno lolote," akasema. "Nikadhani hata hilo hutaliogopa."

Kumbe nililiogopa. Ndiyo sababu nilicheka.

Sasa ameruhusiwa kwenda nyumbani, anaonana na daktari, na kila siku saa kumi na mbili asubuhi nampigia simu. Asipotaka kuongea, nanyamaza naye hadi aniambie ameinuka kitandani.