Chumba Nilichozipa Nguo

Watu wasiokaa Bwaise, bondeni huku kunakofurika, wana ushauri mmoja tu kwa sisi tunaokaa: hameni. Wanausema wakiwa wamesimama kwenye lami kavu, viatu vyao vinang'aa. Ukiwauliza tuhamie wapi, wanaangalia simu.

Nyumba ni yetu. Mume wangu aliachiwa na baba yake: vyumba viwili na stoo nyuma, mabati juu, hakuna mtu anayekuja kugonga mwisho wa mwezi. Mtu anaachaje kitu kama hicho katika Kampala hii? Na mimi nauza nguo za watoto za mitumba. Nazichukua soko la Owino, nazifua, nazipiga pasi, nazitundika chumba cha mbele, na wanawake wa mtaa wanaingia wakitoka kununua mkaa. Wateja wangu hawawezi kunifuata mlimani. Kwa hiyo mama alipougua nyonga, sikuwaza kuhama. Niliwaza kupanua.

Mama alikuwa bado anaishi kwenye makazi ya wakimbizi kule kusini-magharibi, tulikofikia tulipotoka Kongo nikiwa mtoto. Nilikuwa nimemwacha huko tangu nilipokuja kusoma sekondari, na kila mwaka nilimwahidi kwamba nitamchukua. Sasa alikuwa anatembea akishika kuta. Nikamwambia mume wangu: mama anakuja kukaa hapa.

Akakuna kichwa. "Hapa wapi, nnyabo?" Ndivyo anavyoniita, bibie kwa Kiganda, nami humwita ssebo, bwana.

Swali lake halikuwa la ubahili. Mume wangu ni Muganda, na kwao mwanamume haingii chumba alichomo mama wa mke wake. Hamshiki mkono, hali naye, wakikutana njiani mmoja anapinda. Wanasema asiyeshika hilo anapata ugonjwa wa kutetemeka mikono, na mikono ya mume wangu ndiyo kazi yake. Anachomea vyuma, milango na madirisha, kando ya barabara ya Bombo. Mama naye, msimwone Mkongo mkadhani yeye hajali. Kwake, kulala chini ya paa moja na mkwe ni sawa na kuoga sokoni.

"Tuuze," mume wangu akasema. "Tununue kiwanja mbali, juu juu huko, tujenge vijumba viwili."

"Halafu tutafune matofali?"

"Basi yeye akae chumba cha mbele. Ni kikavu, kina mlango wake wa barabarani. Tutaziba huu wa katikati, sisi tupitie nyuma."

"Na nguo zangu?"

"Ziende stoo."

"Stoo kuna unyevu, ssebo. Nguo ikinuka uvundo, nani ataivalisha mtoto wake?"

Alinyamaza. Mume wangu akinyamaza, mimi huhesabu kwamba nimeshinda. Nimeishi naye miaka yote hii na sikujua kwamba kuna kunyamaza kwa mtu ambaye ameona aibu kwa niaba yako.

Basi tukaipanua nyumba kwa njia yangu. Stoo ilikuwa imejengwa baadaye na baba mkwe kwa ajili ya mkaa na ndizi, na sakafu yake iko chini kuliko ya chumba chetu cha kulala. Tulikuwa na mlango wa ndani wa kuingilia humo. Nikataka uzibwe kwa matofali, ili mtu yeyote asiseme mkwe na mkwe wanatumia mlango mmoja. Tukatoboa mlango mwingine kwenye ukuta wa nje, unaotokea kichochoroni penye mfereji. Kwa macho ya watu ikawa nyumba nyingine kabisa. Mume wangu akatengeneza mlango wa chuma, akaufanya ufungukie nje kwa sababu ndani ukifunguka ungegonga kitanda. Alitaka kwanza tujaze mawe na kifusi tuinue sakafu. Nikasema tutainua Krismasi ikipita. Badala yake tukafanya wanachofanya wote Bwaise: kitanda juu ya matofali, na mlangoni kizingiti cha saruji kinachofika gotini, maji yasiingie. Nikapaka kuta rangi ya maziwa. Nikatundika pazia. Nikawaita majirani waje kuona, nikasimama katikati ya kile chumba kama mtu aliyejenga ghorofa.

Mama alipofika alikitazama kizingiti, akacheka mpaka akashika nyonga. "Mutoto wangu, hii ni mulango ao ni punda? Mpaka nipande?"

Akapanda. Mimi mkono mmoja, binti yangu mkubwa mkono mwingine. Alipokwisha kuingia hakutoka hovyo tena, kwa kuwa kutoka kulitaka watu wawili. Nilisema moyoni: vizuri, anapumzika.

Mvua iliyotuumbua ilikuja mchana, siku ya shule. Mimi nilikuwa Owino. Mimi ninayeuza mitumba nitawaambia kitu msichokijua: robota likikatwa kamba, hapo hakuna dada wala rafiki. Mnakuwa kumi mmeinama, mikono inaingia, na wa kwanza ndiye anayepata daraja la kwanza. Simu ikalia. Nikaona ni mume wangu, nikaikata. Nilidhani anauliza chumvi iko wapi. Ikalia tena nikiwa nimeshika jaketi la mtoto, zuri, zipu nzima, na mwanamke mmoja ameshika mkono wa pili wa jaketi hilo hilo. Nikaikata tena. Jaketi nililipata.

Mvua ilipiga maturubai ya Owino kama watu wanaotupa kokoto. Tulijibanza mpaka ilipopungua. Nikampigia mume wangu, hapatikani. Hata hapo sikuogopa. Nilikuwa nawaza mzigo usilowe.

Nilipofika Bwaise maji yalikuwa yanarudi mferejini, yameacha tope na chupa za plastiki mpaka mlangoni kwa watu. Jirani yangu, mama wa Kinubi anayeuza maandazi, alikuwa anasukuma maji nje kwa ufagio. Aliponiona akatupa ufagio, akapiga makofi.

"Wallahi umekosa sinema! Bwana yako amembeba mama yako mgongoni!"

"Nani?"

"Bwana yako! Kama gunia la mkaa! Mimi nilisikia sufuria inagongwa, pa! pa! pa!, nikatoka, maji hapa." Akajipiga kiunoni. "Bwana yako alikuwa nyumbani, umeme umekatika. Anavuta ule mlango wenu wa chuma, wapi! Maji ya kichochoro yameukandamiza. Anapiga kelele, mama, mama! Na mama yako ndani anajibu nini? 'Usiingie! Muite mutoto wangu!'" Alikuwa anacheka huku anafuta machozi. "Maji yako kitandani, mwenyewe anasema usiingie! Yule bwana akasema, 'Mtoto wako yuko Owino, hashiki simu!' Akachukua nyundo kubwa, akaingia kwenu chumbani, akavunja ukuta. Habibti, wewe una bwana. Mwingine angemwachia Mungu."

Nilimwachia mzigo wangu kwenye tope, nikakimbia.

Mume wangu alikuwa amesimama nje, chini ya mvua iliyobaki, shati limemgandia, mikono ameificha kwapani. Mabati yetu yana upenu mzuri tu, angeweza kujikinga. Hakujikinga kwa sababu upenu ni sehemu ya paa, na chini ya paa alikuwamo mama yangu.

"Yuko mbele," akasema. "Nenda."

Nikamwuliza kwa nini hakunitumia ujumbe. Ndiyo, hilo ndilo lililonitoka kinywani. Akanionyesha mlango wa mbele kwa kidevu. Sijawahi kutaka mtu anipige kofi kama siku ile, na yeye si mtu wa kupiga.

Mama alikuwa chumba cha mbele, ameketishwa juu ya marobota yangu ya nguo, makavu, chini ya vigauni vya watoto vilivyopangwa kwa rangi. Alikuwa amevuta koti moja la kike kutoka kwenye msumari akajifunika kichwa na uso wote. Miguu yake ilikuwa wazi mpaka magotini, imejaa tope. Nikataka kulitoa lile koti nimwone. Akalishika kwa ndani.

"Ameshaenda?"

"Yuko nje, mama."

"Mukwe wangu ameniona mapaja," akasema. "Amenipitisha mu chumba chenu, mbele ya kitanda chenu. Miye niko mutu mukubwa."

"Amekuokoa, mama!"

"Ninajua. Na kwa hiyo nitamwangalia namna gani?"

Nilikwenda kuona stoo. Nilipita kwenye tundu la ukuta, matofali yametawanyika hadi kwenye godoro letu. Stoo ilikuwa bado imejaa. Kichochoroni maji yalikwisha kushuka, lakini humo ndani hayakuwa na pa kwenda. Yalikuwa yamepanda kutoka chini ya sakafu, kwenye ile saruji ya zamani iliyopasuka, na kizingiti changu kikayashikilia kama beseni. Pazia lilikuwa linaelea. Sufuria aliyogongea ilikuwa juu ya maji, imebonyea upande mmoja.

Hapo ndipo nilipopata hasira, na nilitaka sana impate mtu. Niliitukana halmashauri, niliwatukana wanaotupa chupa mferejini, nikamtukana marehemu baba mkwe aliyechimba sakafu chini. Kila mmoja wao anastahili. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyesimama katika nyumba yenye chumba kikavu na chumba chenye maji, akazipa nguo zilizokwisha kuvaliwa na watu wasiojulikana kile kikavu. Huyo ni mimi. Nilijua. Nilisema kwa kinywa changu kwamba stoo kuna unyevu. Nilisema kabla mama hajafika, mbele ya shahidi.

Mume wangu akahamia karakana yake. Alisema hawezi kulala nyumba yenye tundu, na hilo tundu hawezi kuliziba kabla hatujajua nani anakaa upande gani. Mama naye akakataa kula. Hakununa, alishukuru kila sahani na kuirudisha. Siku ya pili akaomba nimtafutie gari la kurudi makazini.

"Kule kuna nani, mama? Maji unachota wewe?"

"Kule kuna fasi yangu."

"Hapa pia ni pako."

Akanitazama bila ukali. Ningependa angekuwa mkali. "Miye sikukasirikii, mutoto wangu. Ulinipatia fasi yenye ilibakia. Hata miye wakati tulikimbia, nilibeba chakula na wewe, baba yako mugonjwa nikamwambia atafuata. Mutu anabeba yenye anaweza."

Sikujua habari hiyo. Maisha yangu yote nilijua baba alifia njiani, sikujua aliachwa. Alinipa hilo kama mtu anayekupa kiti, ili nami niketi. Sikuweza kuketi. Yeye aliacha mtu kwa sababu kulikuwa na risasi. Mimi kulikuwa na jaketi.

Nikaanza kutoa nguo. Nilishusha vigauni, nikang'oa misumari, nikaburuta marobota, moja baada ya jingine, mpaka barazani kwa jirani. Mama aliuliza unafanya nini, sikumjibu, maana nikimjibu ningelia, na nikilia, wa kunibembeleza angekuwa yeye. Nilisugua sakafu ya chumba cha mbele. Nikaleta kitanda chake, godoro jipya. Kisha nikaenda karakana, nikasimama kati ya cheche, nikamwambia mume wangu: njoo uzibe mlango wa katikati, ule wa chumba cha mbele, kama ulivyosema mwanzo.

Alizima mashine. "Na nguo?"

"Acha nguo."

"Nauliza tu, nnyabo. Ndizo tunazokula."

"Nimesema acha nguo!"

Alikuja, akaziba. Alitupa mama na mimi muda tukae kwa jirani, akajenga, akaondoka, ndipo mama akarudi. Ule wa stoo ameuacha wazi kama ulivyo, naye amerudi kulala nyumbani, na sisi tunaingilia humo, tunapanda kizingiti, tunapita kwenye tundu. Sakafu ya stoo ameanza kuiinua kwa kifusi cha ukuta aliouvunja.

Nguo nauzia barazani kwetu sasa, kwenye kamba. Vumbi linazishika, wateja wanashusha bei, na mvua ikitishia nazitupa ndani kwa mama, naye anazikunja kitandani kwake bila kuulizwa. Kuna siku nilimkuta ameuza gauni kwa nusu ya bei kwa sababu mtoto mwenyewe alicheka vizuri. Nilizipokea zile hela, nikatundika gauni jingine.

Mume wangu anakunja na kukunjua vidole kila asubuhi kabla ya kazi. Anadhani simwoni. Havijatetemeka bado. Naviangalia zaidi yake.

Mama amesema atabaki mpaka mvua ziishe. Mfuko wake uko chini ya kitanda, umefungwa kwa kitenge, mafundo mawili. Kila nikifagia humo nausogeza, nafagia, naurudisha palepale. Mvua za Kampala haziishi, zinapumzika tu. Mara mbili nimeushika ule mfuko nikitaka kuufungua nimtundikie nguo zake kwenye misumari iliyobaki, na mara zote mbili nimeona sina ruhusa. Atakayeufungua ni mwenyewe.